Kwa nini ndama alidungwa chini ya sikio

Swali: Assalaam alaykum, daktari. Nipo Wete, Pemba. Nina ndama wawili chotara, dume wa miezi sita na jike wa wiki tatu. Miezi miwili nyuma bwana mifugo alimchanja yule dume maradhi ya mapele ya ngozi. Alimvuta ngozi ya shingo akadunga hapo. Wiki iliyopita akaja na chanjo ya ndigana kali, safari hii akadunga chini ya sikio, kisha akampiga sindano nyengine ya dawa msulini. Yule mdogo akasema tumwache kwanza. Mdogo wangu aliyeko Oman ananambia kuna mashamba ya ng'ombe wa maziwa ambako ndama wa siku chache hutiwa chanjo puani, na anataka kuniletea. Je, njia hizi zina maana yoyote au ni mazoea ya kila mchanjaji? Na huyu ndama mdogo nimfanyie nini?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nimefurahi kwamba ulitazama mahali sindano ilipoingia. Wafugaji wengi huniuliza chanjo inaitwaje na inauzwa kiasi gani. Wanaouliza inapita wapi ni wachache mno. Si mazoea. Njia ni sehemu ya chanjo sawasawa na kile kilichomo ndani ya chupa. Chanjo ile ile ukiibadilishia njia inaweza kukupa kinga ya namna nyengine, inaweza isikupe kitu, na zipo ambazo zinaweza kukuumizia mnyama.

Mwili wa ng'ombe una tezi ndogo zilizotawanyika: chini ya masikio, mbele ya bega, mbele ya paja, ndani ya kifua, matumboni. Hizi ni tezi za limfu. Zifikirie kama baraza za mitaa. Habari ya mtaa hufika kwanza kwenye baraza la mtaa huo, na wanaoijadili ni waliokaa pale. Chanjo ikiingia chini ya ngozi ya shingo, kuna seli za ulinzi zinazoimeza, zikaibeba mpaka kwenye tezi iliyo mbele ya bega, na hapo zikawaonyesha limfosaiti, yaani zile seli nyeupe zinazojifunza sura ya adui. Ikiingia puani, hupokelewa na tishu za ulinzi zilizo nyuma ya pua na kooni. Na limfosaiti hukumbuka zilikofundishwa. Zilizofundishwa kooni hurudi zaidi kwenye utando wa njia ya hewa, na kingamwili zinazozaliwa nazo ni za aina ya IgA, ambazo hutoka pamoja na kamasi na kukaa mlangoni hasa. Zilizofundishwa kwenye tezi ya bega hutoa zaidi IgG, ambayo huzunguka na damu na kulinda ndani.

Kwa hiyo anayetengeneza chanjo hujiuliza kwanza maradhi haya yanaingilia wapi, na yanaulia wapi. Mara nyingine ni pamoja, mara nyingine ni mbali kabisa.

Tuchukue ndigana kali, maana ndama wengi wa Unguja na Pemba wanakufa nayo, na hakuna maradhi yanayolionyesha jambo hili wazi zaidi. Kimelea chake, Theileria parva, huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio. Usiku washa tochi, mgeuze ndama sikio, uangalie kwenye mikunjo ya ndani, utamkuta ameng'ang'ania. Kupe hunyonya siku kadhaa, na katika mate yake humo vimelea. Vikishaingia haviendi mbali. Ndani ya dakika chache huingia kwenye limfosaiti zenyewe, yaani ndani ya askari, kisha humlazimisha yule askari azaliane bila mpaka huku kimelea kikizaliana pamoja naye. Ndiyo sababu dalili ya mwanzo ni kuvimba kwa tezi ya chini ya sikio. Weka vidole nyuma ya taya, pale sikio linapoanzia, uteremshe taratibu. Kwa ndama mzima utagusa kitu kidogo, bapa, kinachoteleza chini ya vidole. Kwa ndama aliyeshikwa utakuta donge unaloweza kulizungushia vidole, na akiusikia mkono wako hurudisha kichwa.

Chanjo aliyopigwa ndama wako ni vimelea hai vyenye makali yake, vilivyotolewa kwenye kupe na kugandishwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika. Havikuuliwa wala havikudhoofishwa. Njia hii iliendelezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na mchanganyiko wake unaojulikana zaidi una aina tatu za kimelea hicho. Ndama hudungwa mililita moja chini ya ngozi karibu na ile tezi ya sikio, na papo hapo hupigwa oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu, ndani ya msuli. Basi sindano ya kwanza ni maradhi yenyewe, ya pili ni hatamu. Dawa huvipunguza vimelea kasi, ndama akaugua kidogo mno, na katika nafasi hiyo mwili ukajifunza. Dawa hupimwa kwa uzito, na hapo ndipo nisipokubali mtu akisie kwa macho. Ukimpunguzia uzito kwa kukisia, hatamu inalegea. Mzunguko wa kifua hupimwa kwa utepe, dakika moja tu, na kipimo kinapatikana.

Kwa nini pale chini ya sikio? Kwa sababu ndiyo njia ya kupe. Vimelea hivi lazima vikute limfosaiti karibu, na kwa haraka. Ukivitia mbali nao hujui vingapi vitafika, na chanjo ya vimelea hai haina nafasi ya kubahatisha, maana vichache mno havifundishi kitu. Kuna na sababu ya pili. Kingamwili za kwenye damu haziwezi kumfuata kimelea aliyekwisha kujificha ndani ya seli. Kinga inayotegemewa katika ndigana kali ni ya limfosaiti za kuua, zile zinazoitambua seli iliyovamiwa na kuimaliza pamoja na aliyemo ndani. Askari wa namna hiyo hawapatikani kwa kuonyeshwa adui aliyekufa. Wanahitaji kumwona akifanya kazi, pale pale kwenye baraza anakofikia siku zote.

Yule dume wako, basi, mwangalie vizuri wiki ya pili na ya tatu tangu siku ya chanjo. Tezi kuvimba kidogo na joto kupanda siku moja si tatizo. Joto likipita nyuzi 40 siku mbili mfululizo, akaacha kula, au pumzi ikawa nzito, mpigie simu bwana mifugo siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Na usidhani kwamba sasa hana haja ya kuogeshwa. Kuna kupe wengine, wa buluu, wanaoleta mkojo mwekundu, na chanjo ya ndigana kali haijui chochote juu ya mkojo mwekundu.

Mapele ya ngozi ni habari nyepesi zaidi. Chanjo yake ni virusi hai vilivyodhoofishwa, hutiwa chini ya ngozi ya shingo, na hapo panafaa kwa sababu chini ya ngozi ya ndama pana nafasi, na seli za kubeba habari zipo za kutosha. Lakini nafasi hiyo ni nyembamba kuliko unavyodhani. Miaka yangu ya mwanzo kazini, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mkoani, nilikuwa nikichanja ndama waliofungwa kamba kwenye minazi, jua limeshapanda, nami nakwenda mbio nimalize. Nilipofika kwa ndama wa nane nikasikia kidole gumba kimelowa. Sindano ilikuwa imeutoboa mkunjo wa ngozi ikatokea upande wa pili, na chanjo yote imemwagika juu ya manyoya. Nikarudi nikawapapasa shingo wale saba waliotangulia. Wawili manyoya yao yalikuwa yamelowa. Mwenye ndama alikuwa amekwisha kuandika kwenye daftari lake kwamba wote wamechanjwa, na lau nisingerudi angeamini hivyo mpaka siku mapele yatakapotokea. Tangu hapo, kila nikichomoa sindano hupitisha kidole juu ya manyoya upande wa pili. Nawe siku bwana mifugo akija, ruhusa unayo ya kupapasa. Hatokuona vibaya, akikuona vibaya, papasa hivyo hivyo.

Kuhusu msuli sitakaa sana. Msuli una damu nyingi, unachukua dawa haraka, lakini seli za kubeba habari humo ni chache kuliko za ngozini. Kwa chanjo nyingi za kuchoma, tofauti ya kingamwili kati ya chini ya ngozi na msulini ni ndogo, na kilichoandikwa kwenye chupa ndicho cha kufuata. Ninalolisisitiza ni mahali. Iwe ngozini au msulini, iwe shingoni, mbele ya bega. Usikubali ndama adungwe kwenye tako. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaopita hapo, na nimeshuhudia ndama aliyebaki kuburura mguu.

Sasa ile chanjo ya puani anayoisema mdogo wako. Ni kweli ipo, na hekima yake ni kubwa. Hutumika zaidi kwa virusi vya njia ya hewa, vinavyoshambulia ndama wanaolala kwa mamia chini ya paa moja. Virusi hivyo huingilia puani na kuharibu pale pale. Ukimchoma ndama shingoni, utapata IgG nyingi ya damu, na sehemu yake hupenya mpaka kwenye mapafu ya ndani; ila puani, mlangoni, inafika kidogo. Ukimtia puani virusi hai vilivyodhoofishwa, kwanza seli za utando hutoa interferoni ndani ya siku chache tu, ambayo huzuia virusi vya kila namna kwa muda mfupi, kisha IgA huanza kutoka kwenye kamasi. Mapungufu yake ni kwamba kinga hiyo ya mlangoni hufifia baada ya miezi michache. Kwa hiyo wenye mashamba hayo mara nyingi huanza puani utotoni, na ndama akikua wakamalizia kwa sindano. Mpango huo naupenda. Pua hufungua funzo, sindano huligongomea msumari.

Lakini sababu kubwa ya kutumia pua kwa ndama wa siku chache ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa, na hapa nakuomba usome pole pole.

Binadamu humpa mtoto kingamwili akiwa bado tumboni. Ng'ombe hawezi, kondo lake haliruhusu. Ndama huzaliwa karibu mtupu kabisa wa kingamwili, na zote anazozipata mwanzo hutoka kwenye dang'a. Utumbo wake huwa wazi kuzipokea nzima nzima saa za kwanza tu. Saa sita za mwanzo ndizo bora, na ikifika siku moja mlango umefungwa. Kwa hiyo ndama chotara wa kilo 30 anataka lita tatu hivi za dang'a safi ndani ya saa hizo, naye peke yake huenda asinyonye hizo ikiwa mama amechoka au chuchu ni nene. Aliyepata vizuri anakuwa na damu iliyojaa kingamwili za mama yake, za kila maradhi aliyokutana nayo mama na kila chanjo aliyopigwa.

Kingamwili hizo ndizo zinazomwokoa, na ni hizo hizo zinazoizuia chanjo. Ukimchoma ndama wa wiki tatu chanjo ambayo mama yake alikwisha kuchanjwa, kingamwili za mama huifunika kabla limfosaiti za ndama hazijaiona. Ukimpima damu baadaye unakuta hajatengeneza zake. Si kila mara kazi yote imepotea. Zipo chanjo ambazo kipimo cha kingamwili hakionyeshi kitu, na bado seli za ndama zimeshaonja na zitakumbuka zikionyeshwa tena. Lakini huwezi kulitegemea hilo kama mpango. Puani ndipo penye nafuu, kwa sababu kingamwili za mama zipo nyingi kwenye damu na ni chache juu ya utando wa pua, na chanjo hupata upenyo.

Kingamwili za mama hupungua polepole, wiki baada ya wiki, na kwa maradhi mengine hubaki miezi kadhaa. Ndiyo sababu ndama wa mama aliyechanjwa mapele ya ngozi husubirishwa hadi kati ya miezi mitatu na sita, na wa mama ambaye hajachanjwa wala kuugua anaweza kuchanjwa mapema. Bwana mifugo aliposema mdogo asubiri, alikuwa na haki. Lakini angekuuliza kuhusu mama yake, na kama hakukuuliza, mwambie wewe.

Watu wamelijua jambo hili la njia kabla hawajajua seli ni nini. Mwaka 1852 daktari mmoja wa Ubelgiji, Louis Willems, aliwakinga ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu kwa kuwatia majimaji ya pafu gonjwa kwenye ncha ya mkia. Mkiani pana baridi, nyama ni kidogo, na uvimbe haukuenda mbali. Mahali pengine mwilini majimaji yale yale yalileta uvimbe wa kuua. Wengine walipoteza mikia wakabaki hai. Na chanjo ya maradhi ya kutupa mimba iitwayo S19, ambayo ni bakteria hai, ukiipiga chini ya ngozi kwa ndama jike hulinda, lakini inaweza kuacha kingamwili zinazodumu kwenye damu, hata mpimaji akashindwa kujua huyu alichanjwa au ameambukizwa. Ukiitia kwa tone jichoni, hulinda bila kuacha kingamwili za kudumu namna ile. Kitu ni kile kile, mnyama ni yule yule, mlango tu ndio uliobadilika. Hiyo S19 usiitafute mwenyewe dukani, maana inaweza kumwambukiza mtu anayejidunga kwa bahati mbaya. Hiyo ni kazi ya idara ya mifugo.

Nikirudi kwa mdogo wako wa Oman: mshukuru sana, umwambie asilete. Chanjo ya puani ni virusi hai, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu dukani mpaka puani, na mzigo wa ndege, kisha boti, kisha gari hadi Wete haumhakikishii mtu hilo. Kuingiza virusi hai visiwani bila kibali cha idara ya mifugo ni hatari kwa ng'ombe wa watu wengine, si wako tu. Na hata ingefika nzima, ingemfundisha ndama wako juu ya virusi vya ndama waliosongamana kwenye mabanda makubwa. Wako analala na wenzake wawili watatu chini ya mwembe. Kwake yeye hatari ni kupe na kuharisha, na pua haifundishi lolote kuhusu kupe.

Akitaka kukusaidia, na akutumie pesa ya vitu vitatu: dawa ya kuogeshea, kipimajoto cha mifugo, na kisanduku cha barafu cha kuazimana na majirani siku za chanjo. Mara nyingi chanjo huharibika kwenye hatua mia za mwisho, kati ya barabara na banda, mkononi mwa mtu aliyesimama juani akizungumza.

Yule jike wa wiki tatu, kwanza kumbuka alinyonya dang'a saa ngapi baada ya kuzaliwa. Kama alichelewa au alinyonya kidogo, mweke mahali pakavu, mbali na kinyesi cha wakubwa, na usimpeleke malishoni mapema. Masikio yake uyatazame kila jioni, ukitoa kupe kwa mkono huku ukitumia dawa ya umri wake. Akitimiza mwezi mmoja na yu mzima, hana homa wala haharishi, aingizwe kwenye orodha ya ndigana kali. Huyo asingojee mpaka miezi sita kama kaka yake, maana masika yakikaribia kupe huongezeka na wao hawasubiri zamu. Kati ya chanjo hiyo na nyengine yoyote iliyo hai, mwombe bwana mifugo aache wiki kadhaa. Mapele ya ngozi yatafuata kulingana na mama yake. Ya miguu na midomo, ikiletwa kwenu, ni chanjo mfu, hurudiwa, nayo kwa kawaida hungojea ndama akaribie miezi minne mpaka sita. Ujue tu kwamba humzuia asitoke malengelenge, lakini haimzuii sikuzote asivibebe virusi kooni mwake, kwa sababu ile ile niliyoanza nayo: tumechoma shingoni, virusi vimeingilia puani na kooni.

Siku ya kuchanjwa mfungeni kivulini tangu alfajiri, kabla hajachoka na jua, na mtu mmoja amshike kichwa akiwa amekigeuzia ubavuni. Chini ya sikio hapavumilii ndama anayerusha kichwa. Kisha niandikie tarehe aliyozaliwa, na lini mama yake alichanjwa mapele mara ya mwisho, tukuhesabie mwezi wake.